Gurudumu la gari la rimoti linacheza na mota inachemka: tatizo ni beringi, si nati

*"Fundi, habari za kazi. Niko Busia, upande wa Uganda. Kaka yangu aliniletea kutoka Dubai gari la rimoti la umeme, lile la kipimo cha moja kwa kumi, linalovutwa na magurudumu yote manne. Mimi na mtoto wa dada yangu tunalikimbiza uwanja wa mpira, na Krismasi tulikwenda nalo Majanji, likapita kwenye mchanga na maji ya ziwa. Sasa gurudumu la nyuma la kushoto linacheza na kutoa mlio mwembamba. Fundi wa pikipiki hapa jirani alinishauri nikaze nati na kupulizia WD-40. Nilifanya hivyo, likanyamaza siku mbili. Sasa gurudumu halizunguki vizuri, mota inachemka hadi haishikiki, na gari linajizima kabla betri haijafika nusu. Je, ninunue habu mpya nzima? Nimeona beringi za seramiki mtandaoni, zitanifaa? Na kazi hii naweza kuifanya nyumbani au nilipeleke gari Kampala?"*

Ndugu yangu, asante kwa kueleza mambo kwa mpangilio. Umenipa karibu kila nilichohitaji kujua. Beringi za gurudumu hilo zimeingia mchanga na maji, kukaza nati kumezibana badala ya kuziponya, na mota inachemka kwa sababu inavuta gurudumu lililokwama nusu. Habu usiinunue bado, na seramiki achana nazo. Kazi yenyewe utaimaliza nyumbani kwako. Ila kuanzia leo usiliendeshe tena mpaka umelifungua gurudumu hilo, kwa sababu beringi ni kitu cha bei ndogo, lakini ikiachwa ife kabisa inakula habu, kisha ekseli, na mwisho mota au kile kifaa kinachoigawia mota umeme.

Tuanze na jinsi gurudumu lilivyofungwa. Ukiondoa nati na kuvua tairi utakuta kipande cha pembe sita, ambacho kwa magari ya kipimo chako kwa kawaida kina upana wa milimita 12. Nyuma yake kuna pini nyembamba iliyopenya ekseli. Ekseli nayo imepita ndani ya habu ikiwa imebebwa na beringi mbili, moja upande wa ndani na moja upande wa nje. Nati inaibana rimu kwenye pembe sita, pembe sita inaegemea pini, na kazi ya nati inaishia hapo. Haikuwekwa kurekebisha beringi.

Simlaumu fundi wako. Busia ndiko boda boda ilikoanzia, kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu mpakani, na kwenye habu ya baiskeli ile ya koni na gololi huru ushauri wake ni sahihi kabisa: gurudumu likicheza, unakaza koni kidogo na mchezo unaisha. Beringi za gari lako ni za aina nyingine. Zimefungwa kiwandani, na nafasi kati ya gololi na ringi zake imeshapangwa. Ikianza kucheza maana yake chuma kimeliwa, na chuma kilicholiwa hakirudishwi kwa spana.

Ulipokaza nati sana, hiki ndicho ninachodhani kilitokea. Pembe sita za magari mengi ni za plastiki, na mfereji unaopokea pini huliwa taratibu. Ukiliwa, pembe sita inasogea ndani na kuanza kuisukuma ringi ya ndani ya beringi ya nje. Ringi za nje za beringi zote mbili zimezuiwa na kuta za habu, haziwezi kwenda popote. Kwa hiyo ringi za ndani zinavutwa zikaribiane na gololi zinabanwa ubavuni. Beringi hizi zimetengenezwa kubeba uzito unaoshuka kutoka juu, na ubavuni zinastahimili kidogo tu. Gurudumu likaacha kucheza kweli, lakini kwa sababu limebanwa.

Sasa tuingie ndani ya beringi yenyewe. Beringi ya kawaida kwenye magari ya kipimo chako ina tundu la milimita 5, upana wa nje milimita 11 na unene wa milimita 4. Gololi zake ni kama punje za ulezi. Hebu piga hesabu kidogo: tairi la kipenyo cha sentimita 10, gari likienda kilomita 40 kwa saa, linazunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Gololi hizo zinabingirika juu ya utando mwembamba sana wa grisi, na utando huo ndio unaozuia chuma kugusa chuma. Mchanga wa ziwa una kwatzi nyingi, na kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha beringi. Chembe ikipita chini ya gololi haipondeki bila kuacha alama; inachimba kishimo kwenye njia. Kila gololi inayofuata inagonga kishimo hicho na kukipanua. Mlio mwembamba unaousikia unatoka huko.

Na maji yaliingiaje wakati beringi ina kifuniko? Watu wengi hawalijui hili. Gari likikimbia, habu inapata joto na hewa iliyomo ndani ya beringi inapanuka. Ukiliingiza ghafla kwenye maji ya baridi, hewa hiyo inasinyaa na kuvuta maji ndani kupitia ukingo wa kifuniko. Ndiyo maana gari lililolowa likiwa na joto huharibika haraka kuliko lililolowa likiwa limepoa, na ndiyo maana nawasihi wenye magari haya wasiyaoshe mara tu yanapotoka kukimbia. Yaache yapoe kwanza. Chuma cha kawaida cha beringi kikikaa na maji usiku mmoja, asubuhi kimeanza kutu.

Kuhusu WD-40, haikuwa dawa mbaya, ilitumika tu mahali pasipo pake. Inafukuza maji vizuri na inalegeza kutu. Lakini mafuta inayoyaacha ni mepesi mno kubeba mzigo wa gurudumu, na ikipenya ndani inaiyeyusha grisi iliyokuwepo na kuitoa. Kelele ilinyamaza kwa sababu mchanga ulilowa. Siku mbili baadaye ulibaki mchanga mkavu bila grisi. Oili ya injini iliyotumika, ambayo wengi hukimbilia baada ya hapo, ni mbaya zaidi kwa sababu ndani yake tayari mna unga wa chuma.

Joto la mota linafuata hapo hapo. Mota ya umeme ikikutana na mzigo inavuta umeme zaidi ili iendelee kuzunguka, na umeme huo wa ziada unageuka joto kwenye waya zake. Betri inakwisha mapema, mota inachemka, na kifaa kinachoigawia umeme kinajizima ili kisiungue. Kujizima huko ni kinga, usiitafutie njia ya kuikwepa. Kitu usichoweza kukishika kwa vidole sekunde chache kwa kawaida kimeshavuka nyuzi 60, na mota nyingi za namna hii si vizuri zifike nyuzi 80. Zikizidi, sumaku zake huanza kudhoofika, na sumaku iliyodhoofika hairudi ilivyokuwa.

Kabla ya kufungua, hakikisha ugonjwa uko pale tunapodhani. Chomoa betri. Legeza nati robo mzunguko kisha lisukume na kulivuta gurudumu kwa mkono, ndani na nje, halafu juu na chini. Ukiona ekseli inacheza ndani ya beringi, beringi imekwisha. Ukiona beringi nzima inatembea ndani ya habu, tundu la habu limepanuka. Ukiona rimu peke yake inacheza huku ekseli imetulia, basi pembe sita au pini ndiyo imeliwa, na hapo huenda beringi hazina kosa lolote. Makosa haya matatu yanafanana kabisa ukiyatazama kwa mbali, na watu wengi hununua kifaa kisichohusika. Kisha toa shafti inayoleta nguvu kutoka kwenye difu (gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia) ili ekseli ibaki peke yake, uizungushe polepole kwa vidole. Ikienda laini bila shafti na ikawa nzito ukiirudisha, tatizo liko difu, si kwenye gurudumu.

Tukubaliane kwamba ni beringi, kwa sababu dalili zako zinaelekea huko. Toa pini mapema na uiweke kwenye kikombe, maana ndicho kitu kinachopotea kuliko vyote, na mtoto mdogo wa nyumbani anaweza kukimeza. Sukuma ekseli itoke, kisha sukuma beringi kutoka nyuma kwa kijiti cha mbao au mpini wa bisibisi unaoenea. Zingatia kanuni hii: beringi iliyokaa kwenye tundu isukume kwa ringi ya nje, na iliyong'ang'ania ekseli ivute kwa ringi ya ndani. Ukisukuma ringi isiyohusika, nguvu yote inapita kwenye gololi na kuchora alama njiani, na beringi inaharibika kabla haijazunguka. Wakati wa kutoa beringi mbovu kanuni hii huna sababu ya kuihangaikia, lakini wakati wa kuingiza mpya ndiyo kila kitu.

Angalia kifuniko chake. Kama ni cha mpira, mara nyingi cheusi au cha buluu, kinyanyue kwa ncha ya sindano ya kushonea kutoka ukingo wa ndani. Kitatoka kizima na kitarudi. Kama ni cha bati kilichoshikwa na kiringi cha waya, tafuta mwanya wa kiringi hicho na ukitoe taratibu huku umekifunika kwa kitambaa, kwa sababu kinaruka. Kama bati limebanwa moja kwa moja bila kiringi, usihangaike, hiyo haifunguliwi ikarudi salama.

Ioshe kwa mafuta ya taa ndani ya kopo, uitikise, umwage, urudie mpaka mafuta yatoke safi. Petroli inaosha haraka zaidi, lakini ifanyie nje, mbali na jiko na mbali na mtu anayevuta sigara, na betri ya gari iwe chumba kingine. Thina na asetoni usizitumie, zinaharibu mpira na plastiki. Ikaushe kwa kitambaa na jua. Wengine hupeleka beringi kwa fundi wa tairi wakaipuliza kwa upepo wa kompresa ili izunguke ikilia. Nakuomba usifanye hivyo na usimruhusu kijana afanye. Beringi kavu ikizungushwa kwa kasi hiyo inajikwangua yenyewe, na ikipasuka vipande vyake vinaruka usoni. Ukiipuliza, zishike ringi zote mbili zisizunguke.

Baada ya kuosha ndipo utajua hali yake. Ivishe kwenye kidole, ikandamize kidogo, izungushe taratibu mno. Ukihisi vijigongo au mahali panaponasa, itupe. Hakuna grisi itakayojaza kishimo. Ikienda laini mzunguko mzima, inastahili kuishi. Usihukumu beringi kwa muda inaozunguka ukiichezesha kidoleni. Beringi safi isiyo na tone la mafuta huzunguka muda mrefu sana na bado iko njiani kufa, na yenye grisi nzuri husimama mapema bila kelele, nayo ndiyo unayoitaka kwenye gurudumu linalokanyaga udongo mwekundu.

Iliyopona itie grisi ya kawaida ya lithiamu, ile ile ya mafundi wa pikipiki, lakini uichote kwenye mkebe uliofungwa vizuri, si mkebe ulioshinda wazi kando ya barabara. Jaza kama theluthi moja ya nafasi iliyo kati ya gololi. Ukijaza yote, beringi inakuwa nzito na grisi inasukuma kifuniko. Ukikosa grisi, matone mawili ya mafuta ya cherehani yanafaa, ila utalazimika kurudia mara kwa mara. Na beringi za ndani ya mota hazipewi grisi nzito hata kidogo. Mota ya 3,000 kV, yaani mizunguko 3,000 kwa dakika kwa kila volti, kwenye betri ya volti 7.4 inazunguka zaidi ya mara 22,000 kwa dakika bila mzigo. Hizo tone moja la cherehani linazitosha.

Kwa yale uliyonieleza, sitegemei beringi zako mbili zitapona. Nunua mpya, na ubadilishe zote mbili za gurudumu hilo kwa pamoja, kwa sababu ile ngumu itaichosha laini. Usiende dukani na kuomba "beringi ya gari la rimoti", wengi watakuambia hawana. Nenda na namba. Ya milimita 5 kwa 11 kwa 4 inaitwa MR115. Ya 10 kwa 15 kwa 4 ni 6700. Ya 12 kwa 18 kwa 4 ni 6701. Namba mara nyingi imechongwa ubavuni, na ikifutika fundi yeyote mwenye venia atakupimia. Hizi ni namba za kimataifa, hazina uhusiano na kampuni ya gari lako. Maduka ya Busia yamejaa beringi za pikipiki na huenda ndogo kama hizi usizipate. Kampala anza na soko la vipuri la Kisekka. Waulize pia mafundi wa mashine za fotokopi, maana mashine hizo zina beringi ndogo ndogo nyingi.

Mwisho wa namba utaona herufi. ZZ ni kifuniko cha bati, 2RS ni cha mpira. Bati haligusi ringi ya ndani, linaacha mwanya, na vumbi letu jekundu laini linapita pale bila shida. Mpira unagusa. Unaongeza uzito kidogo wa kuzunguka, usiouhisi kabisa kwenye gari la uwanjani, na unazuia uchafu na maji vizuri zaidi. Kwa hiyo omba MR115-2RS.

Seramiki zinasifiwa kwa haki, lakini mahali pengine. Kinachokuwa cha seramiki kwa kawaida ni gololi tu, na ringi zinabaki chuma. Gololi hazitashika kutu, ni kweli, lakini mchanga wa Majanji utaichimba ringi ya chuma vile vile. Zina maana kwenye mbio za lami safi au zulia, ambako mtu anatafuta sehemu ya sekunde, na ndani ya mota ziendazo kasi. Kwa bei ya seti moja ya seramiki, wewe utanunua za kawaida za mpira za gari zima na kubakiwa na akiba. Kama unataka kitu cha kuvumilia maji, uliza za chuma kisichoshika kutu. Ni laini kidogo kuliko chuma cha kawaida, lakini mwenye gari linaloingia ziwani atanufaika nazo.

Turudi kwenye habu. Ingiza beringi mpya kwa kidole gumba. Ikikaa kwa kukaza kidogo na isitikisike, habu yako ni nzima na hakuna sababu ya kuitoa. Ikidumbukia yenyewe, tundu limepanuka kwa sababu beringi iliyokwama ilikuwa inazunguka na ringi ya nje na kuikwangua plastiki. Unaweza kuzungushia utepe wa karatasi ya alumini ya jikoni ukasukuma wiki chache, lakini habu inatakiwa mpya. Gundi usiweke, inatambaa hadi kwenye gololi. Kuhusu habu za alumini zinazouzwa kama maboresho, tundu lake halipanuki haraka, hiyo ni faida ya kweli. Hasara yake ni kwamba gari likigonga mti wa goli, habu haipindi, na pigo linahamia kwenye mkono wa springi au ekseli. Kwa gari linaloendeshwa na kijana anayejifunza, mimi ningebaki na plastiki.

Unaporudisha, futa ekseli mpaka ing'ae na utazame kama imepauka au ina mfereji pale beringi ilipokaa. Kama mfereji wa pembe sita umeliwa, badilisha pembe sita sasa hivi, vinginevyo tutarudi tulipoanzia. Ekseli ikibaki na mchezo mdogo wa kuingia na kutoka, kiasi cha unene wa karatasi mbili tatu, uache ulivyo. Ukizidi, weka washa (kile kiringi bapa) nyembamba ya milimita 0.2 kati ya beringi na pembe sita. Kaza nati mpaka rimu isicheze, kisha ulizungushe gurudumu: lazima liende sawa na lilivyokwenda kabla hujakaza. Kama limekuwa zito, kitu fulani kinabana na jibu ni washa au pembe sita. Nati yenye nailoni ikikazika kwa vidole imekwisha, tafuta nyingine.

Magurudumu mengine matatu yalikwenda Majanji pia. Yafungue hata kama hayalii, uyaoshe na kuyapaka grisi. Baada ya siku ya maji, fanya hivyo siku hiyo hiyo jioni gari likishapoa. Siku za vumbi, brashi kavu na kuzungusha kila gurudumu sikioni kabla ya kuchaji betri kunatosha. Mfundishe mtoto wa dada yako kazi hiyo ya kusikiliza, atakuwa hodari kuliko wewe kwa haraka.

Kampala huna haja ya kwenda kwa beringi. Beringi ikigoma kutoka kwenye ekseli, mpelekee fundi yule yule wa pikipiki, ana kifaa cha kuchomolea beringi na atafanya kwa dakika chache. Mwambie tu asigonge kwa nyundo. Tafuta fundi wa kielektroniki kama gurudumu linazunguka laini kabisa na bado mota inachemka, kama mota inanuka kuungua, au kama gari linashtuka shtuka ukiigusa rimoti. Na itazame betri. Mota ikichemka namna hiyo betri nayo ilikuwa inateseka. Kama ni ya lithiamu na imevimba hata kidogo, usiichaji tena na usiilaze ndani ya nyumba. Iweke nje juu ya sakafu ya saruji au ndani ya ndoo ya mchanga mkavu, mbali na watoto, mpaka umpate mtu anayejua kuitupa salama, na ununue nyingine.